Mama Mkwe Ndani ya Nyumba ya Magurudumu

Kabla hamjaniuliza, sikumsukuma. Nalisema mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii kuna mtu pembeni anatabasamu, na mara nyingi ni mwanamke mwenye mama mkwe.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na uhuru ulikuwa bado hautajwi kwa sauti. Mume wangu Simeoni alipata kazi ya kulinda kambi ya Mzungu kwenye Korongo la Kisana, upande wetu wa Iramba. Korongo lile ni mto ulioipasua nchi kama mtu aliyepasua boga kwa hasira. Ukisimama ukingoni unaona migongo ya ndege wanaoruka. Sisi wenyeji tulipita mbali nalo, na mtoto aliyelisogelea alichapwa. Ndipo akaja Mzungu na mkewe, wakachungulia chini, wakasema hapa ndipo pazuri pa kulala.

Tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa ameacha kazi za mgodini, sasa anazunguka nchi na mkewe kutazama mawe na maji. Landrova yao iliburuta nyumba. Nasema nyumba, si hema. Ilikuwa ya bati jeupe, na madirisha ya vioo na mapazia ya maua, na chini magurudumu mawili tu, moja kila upande, kama mkokoteni wa punda. Mbele ilitoa mkono mrefu wa chuma wa kufungia kwenye gari. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, meza ya kukunja, na choo. Choo, ndani ya nyumba, karibu na sukari. Mama mkwe wangu Lea alipoambiwa habari hiyo alishinda kutwa nzima akiifikiria.

Yule Bibi, mke wa Mzungu, alitaka akifungua dirisha asubuhi, na chai mkononi, aone korongo lote. Basi nyumba ikawekwa kisogo kwenye genge. Pale ni mwamba mtupu, umelainika kama jiwe la kusagia, nao unateremka polepole kuelekea ukingoni. Breki ya nyumba ilikuwa imekufa njiani. Dereva wao Anselm, Mgogo wa Manyoni, ambaye pia alikuwa mpishi, akaweka kabari mbili za mbao nyuma ya magurudumu, zimechongwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu. Akamwambia mume wangu, "Simeoni, mke ukimpoteza utaoa mwingine. Hizi ukizipoteza, usinitafute."

Mimi nikapewa kazi ya kufua. Ndiyo maana mpaka leo hakuna ukubwa wa Mzungu unaonitisha. Nimezianika suruali zao za ndani.

Siku yenyewe Anselm alikwenda Kiomboi na Landrova kutafuta petroli. Bwana Miwani na mkewe walishuka korongoni na kamera yao, kwa njia ya mbuzi, wakapotea kwenye mawe ya chini. Tukabaki mimi na Simeoni. Jua lilipopanda, nikamwona mama mkwe anakuja na fimbo yake, amejifunga kanga ya kanisani.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Hicho choo."

Simeoni akasimama mlangoni. "Mama, hairuhusiwi. Bwana amekataza."

"Na kukunyonyesha, aliniruhusu bwana gani?"

Mwanaume mzima akasogea pembeni. Mama akaingia. Akakitazama choo, akakifunika, akakifunua tena. Akaligusa jiko. Kisha akapanda kwenye kile kitanda cha nyuma, chini ya dirisha la korongo, akajinyoosha ili ajue Wazungu wanasikia raha gani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Tulipomwita alikuwa anakoroma. Na kumwita hakukusaidia kitu, maana sikio lake moja lilikuwa limekufa kabisa, na lile jingine lilisikia lilichopenda.

"Mwache apumzike kidogo," Simeoni akasema. "Mimi nikate kuni, nikiwaona wanapanda nitarudi mbio." Akachukua shoka akaenda vichakani. Mimi nikarudi kwenye beseni langu, nyuma ya miti nilikofunga kamba ya nguo.

Ndipo akapita Kefa.

Kefa alikuwa mtani wangu. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu mababu. Wao wanatuzikia, sisi tunawazikia. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua jembe lako mlangoni akaenda nalo, akakutangazia kwamba amekuteka, na wewe unakomboa mali yako kwa kuku. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Ukilia, utani ndiyo kwanza unanoga. Mimi na Kefa tulikuwa tunajulikana. Tukikutana kisimani, wanawake walitua ndoo ili wasikilize.

Alikuwa anakwenda kwenye mizinga yake ng'ambo ya korongo, kibuyu begani.

"Kumbe ukoo wenu kujenga kumewashinda," akasema, "mpaka mnakuja kulinda bati la wenzenu."

"Afadhali sisi tunaaminiwa bati. Ninyi mkikaribishwa mahali, hata majivu yanahesabiwa."

"Mkwe wako hajambo?"

"Amelala."

"Amelala, au umemlaza?"

"Pita huko, kichwa kinu. Nyuki wanakungoja, hawajacheka tangu jana."

Akacheka, akapita. Nikageukia nguo zangu. Sikuiona mikono yake.

Njia ya kwenda ng'ambo inashuka mpaka majini na kupanda tena, maharage yanaweza kuiva mtu hajafika. Lakini pale kambini korongo limebanwa. Tunapaita Shingoni. Mtu akisimama ng'ambo unaona meno yake, na msichana wa sauti ya kawaida anaweza kumsema vibaya akasikia. Nilikuwa naanika shuka la mwisho nikasikia naitwa.

"Theodora. Mmetekwa. Nataka jogoo, tena asiwe mgonjwa."

Nikatoka mitini. Kefa alikuwa amesimama ukingoni ng'ambo, ameinua vitu viwili vyekundu, kimoja kila mkono. Nikadhani ni viatu vya Bibi. Nikaanza kucheka. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu kuhusu miguu ya dada zake, ndipo kijiko kikaanguka ndani ya nyumba.

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amejigeuza kitandani. Sahani zikagongana kabatini, taratibu. Na ile nyumba ikasogea. Ilisogea kidogo tu, upana wa kidole, ikatulia. Nikatazama nyuma ya magurudumu. Hapakuwa na kitu.

Muda wote ule ilikuwa imesimama kwa sababu mama alikuwa hajajigeuza.

"Simeoni," nikaita. Sikuita kwa nguvu, niliogopa hata sauti yangu isiisukume. Alikuja na shoka mkononi, akatazama magurudumu, akalitupa shoka, akaushika ule mkono wa chuma kwa mikono yote miwili, akakaza visigino kwenye ufa wa mwamba. Nyumba ilikuwa inaanza tena. Ikasimama. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mtoe mama," akasema.

Nikaenda mlangoni. Nilipokanyaga kidaraja tu, bati likalia na Simeoni akavutwa hatua nzima.

"Shuka. Shuka, unaniua."

Nikashuka. Nikamwita mama dirishani, nikampigia kioo. Akakoroma. Nikatafuta mawe. Yaliyokuwapo pale yalikuwa ya mto, ya mviringo. Nikiliweka moja, gurudumu linalitema kama mbegu ya tikiti. Nikapata moja bapa, nikalibana kwenye gurudumu la kushoto. Likashika, lakini la kulia halikushikwa, basi nyumba ikaanza kuzunguka, na mkono wa chuma ukamsukuma Simeoni ubavuni.

"Toa," akasema. "Toa hilo jiwe, litanizungusha mpaka huko."

Nikalitoa kwa mguu. Kamba nzuri zote zilikuwa kwenye Landrova. Nikachukua kamba ya nguo, nikaizungusha kwenye mti na kwenye chuma. Ikakatika kama uzi, na suruali za ndani za Bwana Miwani zikaruka zikaangukia kichwa cha mume wangu. Msicheke. Hata mimi sikucheka, na mnanifahamu.

Nikashika chuma pamoja naye. Tukiwa wawili, nyumba ilitulia. Kuivuta kupanda hatukuweza. Kuiacha hatukuweza. Anselm naye, tulikuwa hatusikii hata mlio wa gari lake. Na zile kabari zilikuwa pale, naziona, kwenye mikono ya mtani wangu.

"Kefa," nikapaza sauti. "Rudisha hizo mbao. Nyumba inaondoka."

"Iage," akajibu.

"Si utani. Zilikuwa zinazuia magurudumu."

"Ndiyo maana bei imepanda. Sasa ni jogoo na tetea."

"Mama mkwe yumo ndani."

Kefa akajipiga mapaja kwa kicheko. "Kumbe umetimiza. Si ulisema kisimani siku ile ukipata genge zuri utamwonyesha mandhari?"

Nilikuwa nimesema. Wanawake wote walisikia, na yeye alikuwapo, na nilikuwa nimesifiwa sana kwa maneno hayo.

Simeoni akajaribu. "Kefa, ndugu yangu, nakuomba. Ni mama yangu."

"Shemeji, unaomba vizuri. Mkeo amekufundisha. Ongeza machozi."

Nikalia. Nililia kweli, machozi yakaniingia mdomoni na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Mnajua alifanya nini? Aliweka kabari chini, akajifunga shuka kiunoni, akashika kichwa, akaanza kuniigiza kilio, uuwi, uuwi, kama watani wanavyoigiza wafiwa msibani. Alifanya vizuri sana. Siku nyingine ningemtupia senti. Nikamlaani na ukoo wake mpaka babu wa saba, na kila nilipotukana yeye alizidi kucheza, kwa sababu matusi yangu yalikuwa yanamwambia kwamba mambo ni salama. Ndivyo tulivyojifunza wote wawili tangu utoto. Kadiri ninavyomkazia ndivyo anavyozidi kufurahi.

Kisha mapazia ya nyuma yakafunguka, niliyaona kupitia dirisha la mbele.

Mama mkwe alikuwa ameamka. Akaliona korongo dirishani, na Kefa anacheza ng'ambo. Akainua mkono, akampungia.

"Nyumba inakwenda vizuri," akatuambia kwa sauti ile ya watu wasiosikia. "Haina hata vumbi."

"Mama, usiondoke hapo. Kaa. Kaa kimya."

"Eeh, nakuja."

Akaanza kushuka kitandani. Bati likalia lote. Visigino vya Simeoni vikatoka kwenye ufa, vikaburuzika juu ya mwamba, na mimi nikaburuzwa naye. Magurudumu yalikuwa yamebakiza mwendo ambao kuku angeuruka. Nikamwona mama anainama kutafuta viatu vyake, maana aliingia pekupeku kwa heshima ya zulia, na kila alipoinama huku au kule, tulikwenda naye.

"Theodora," mume wangu akasema, hakupaza sauti. "Mwambie huyo mtu asikie."

Sikujua kama nitaweza. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumwambia Kefa neno ambalo halikuwa na mwiba. Mdomo wangu wenyewe haukujua njia nyingine ya kwenda kwake. Nikapiga magoti pale kwenye mwamba, chuma nimekikumbatia kifuani, nikainamisha kichwa kama ninavyowainamishia wazee wa ukoo.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

Akawa bado ameshika kichwa, mdomo wazi kwa kilio cha kuigiza. Akabaki hivyo.

Hakuna mtani anayempa mtani wake shikamoo. Kefa tulikuwa rika moja, tulichunga pamoja. Tangu dunia iumbwe hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumwamkia mtu wa ukoo wao. Ni kama kumwambia: wewe si mtani wangu tena, kati yetu sasa hakuna mchezo.

"Unasemaje?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shikamoo, baba yangu Kefa. Mimi mtoto wako, nipo chini ya miguu yako. Naomba hizo mbao."

Akashusha mikono. Akaitazama nyumba, akayatazama magurudumu, akamtazama mama dirishani, na nadhani ndipo kwa mara ya kwanza akaviona vitu hivyo vitatu kwa pamoja. Hakuitikia. Aliokota kabari moja akairusha kwa nguvu zake zote. Ilikuja, ikakosa ukingo kwa kiasi cha mkono, ikagonga genge, ikapotea. Tulingoja. Mlio wa chini ulichelewa sana kufika.

Ikabaki moja. Akakaa chini. Nikasema moyoni, amekata tamaa, na mimi sina tusi la kumwinua, nimeshalitupa. Lakini alikuwa anafunga. Kabari ile ilikuwa na kikamba cha kuibebea, akakiunga na mkanda wa kibuyu chake. Sisi wote tulikua tukiwinga ndege kwenye mtama kwa kombeo. Akasimama, akaizungusha juu ya kichwa, mara nyingi, polepole, kisha kwa kasi mpaka ikavuma, akaachia.

Iliangukia mgongoni mwa beseni langu na kulitoboa.

"Nenda," Simeoni akasema. "Nitashika."

"Hutaweza."

"Nenda."

Nikaachia chuma. Nilisikia visigino vyake vikienda. Nikaruka kwenye kabari, nikajitupa chini ya nyumba kwa tumbo, nikaisukuma nyuma ya gurudumu la upande wa mlango kwa kiganja, nikatoa mkono. Vidole viwili havikutoka kwa wakati. Vitazameni, ndiyo maana sishiki sindano. Kabari ikauma mwamba. Gurudumu lile likasimama, jingine likaendelea, na nyumba ikaanza kuzunguka kama mlango mkubwa unaofunguka, kitako kikaenda hewani, na mlango wake ukaja upande wangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Tumefika?" akauliza.

Nikamkamata miguu yote miwili kwa mkono mzima nikamvuta. Aliniangukia na uzito wake wote na wa kanga yake. Nyuma yetu nyumba ikajikwaruza, ikatoa mlio mrefu, ikakaa. Kona moja ilikuwa inaning'inia juu ya korongo, na chini yake palikuwa na ndege.

Simeoni akapiga kelele kwamba bado imeshikwa na kabari moja tu na yeye. Nikambeba mama, nikamkalisha juu ya ule mkono wa chuma, na mimi nikakaa pembeni yake, ili uzito wetu uukandamize chini. Alitulia pale kama yuko kibarazani kwake. Akanitazama damu inavyonidondoka.

"Wewe mtoto," akasema, "unacheza sana na vitu vya watu."

Bwana Miwani na mkewe walipopanda kutoka korongoni walitukuta hivyo hivyo: wanawake wawili juu ya chuma, mume wangu amekishika kwa mbele. Bibi akafurahi, akatupiga picha. Ni Bwana aliyezunguka nyuma na kuona. Akarudi rangi yake imekwisha, akashika chuma pamoja na Simeoni mpaka Anselm aliporudi na gari na kamba.

Kefa alifika kabla ya gari. Alikuwa amepanda njia ile mbio, amechanika magoti. Alimtazama mama mkwe mpaka akahakikisha anapumua, akaweka kibuyu chake cha asali miguuni pake. Akaja kwangu, akachana shuka lake, akanifunga vidole. Aliomba ruhusa kwanza. Nilitamani anitukane. Nikamngojea. Akafunga fundo, akaondoka.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, mingi mno wengine watasema, na kila mgeni alimwambia kwamba amewahi kusafiri na nyumba ya Wazungu na kwamba njiani hakuna vumbi.

Kefa nilimkuta kisimani mvua za kwanza zilipoanza. Wanawake walitua ndoo kama kawaida, wakatusogelea. Nami nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, nilikuwa na tusi zuri sana juu ya kichwa chake na mzinga wa nyuki, nililichonga kwa muda mrefu. Nikalitoa lote, mbele za watu, kwa sauti.

Hakuna aliyecheka kabla yake, walikuwa wanamngoja. Kefa akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanipisha njia nichote maji.